Alama za Wastani na Njia ya Kurasini



Kila mwaka, yapata mwezi wa Julai, wakati ukungu wa baridi bado umeelemea ukingo wa kreta ya Ngorongoro na wakulima wa Karatu wanazitazama mbaazi zao kwa matumaini, Baraza la Mitihani hutangaza matokeo ya kidato cha sita. Siku hiyo nyumba nyingi hupokea jibu ambalo si sherehe wala si msiba. Kijana hakuanguka, lakini pia hakung'ara. Tuseme amepata C ya Kiswahili, E ya Historia na E ya Jiografia. Hilo ni daraja la tatu. Akiulizwa anataka kwenda kusoma nini, hujibu bila kusita kwamba anataka kusoma uhusiano wa kimataifa.

Hapo ndipo watu wa nyumbani hugawanyika. Mjomba husema kijana aache ndoto za mabalozi, atafute kazi katika hoteli za watalii. Baba husema auze ng'ombe wawili amrudishe mtoto shuleni akarudie mtihani. Na kuna jamaa aliyefika kutoka mjini akiwa na karatasi za rangi, ambaye husema yupo wakala anayeweza kumpeleka kijana chuo cha ng'ambo mwezi huu huu, mradi fedha zitangulie. Wote watatu humpenda kijana, au husema hivyo. Lakini aghalabu hakuna hata mmoja kati yao aliyekwisha soma masharti ya udahili.

Mazungumzo haya yanamhusu kijana huyo, na vile vile yanawahusu wale wanaoulizwa ushauri naye anapokuwa njia panda. Lililo muhimu kuelezwa ni kwamba alama za wastani hazimfungii kijana mlango wa fani hii. Zinamlazimu tu kuchagua njia kwa uangalifu mkubwa kuliko mwenzake aliyepata alama za juu. Mwenye alama za juu akikosea chuo, anaweza kusahihisha kosa lake mwaka unaofuata. Huyu wa daraja la tatu, ambaye ada yake imetokana na ng'ombe au na vitunguu vya Mang'ola, akikosea mara moja huenda asipate nafasi ya pili.

Kabla ya kuzungumzia vyuo, yapasa kwanza kuondoa dhana moja. Wapo wanaodhani kwamba uhusiano wa kimataifa ni elimu ya watu wa Dar es Salaam, ya kuvaa suti na kupanda ndege, na kwamba mtoto wa mkulima wa Karatu anayeitamani anakimbia jembe. Dhana hiyo haina msingi, na ushahidi wake umo shambani.

Mwezi Agosti 2017, Serikali ya India iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi zinazoingia kutoka nchi za nje. Bei ya mbaazi katika Tanzania iliporomoka, na wakulima wa mikoa ya kaskazini, wa Karatu wakiwamo, wakabaki na magunia wasiyojua wamuuzie nani. Lakini mwaka mmoja kabla ya hapo, Julai 2016, Msumbiji ilikuwa imekwisha tia sahihi makubaliano na India, ambayo yaliipa nafasi ya kuuza mbaazi kuanzia tani 100,000 katika msimu wa 2016/17 na kupanda hadi tani 200,000 ifikapo 2020/21. Makubaliano ya namna hiyo hayakuguswa na kikomo kile. Tanzania haikuwa nayo wakati huo. Mkulima wa Karatu alikuwa amelima kama mwenzake, na mvua ilikuwa imemnyeshea. Alichokosa ni karatasi iliyotiwa sahihi mapema na watu wanaoijua kazi ya kujadiliana na mataifa. Je, baada ya mfano huo, ni nani atakayesema kwamba elimu hiyo haimhusu mwana wa mkulima?

Kwa upande wa Ngorongoro jambo hilo ni dhahiri zaidi. Hifadhi hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1959, iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1979. Kuanzia 1984 hadi 1989 ilikuwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Mwaka 2010 ikatambuliwa tena, safari hii kwa utamaduni na historia ya mwanadamu pia, kwa sababu ya mahali kama Oldupai na Laetoli. Mwaka 2017 vijiji vinne vya Loliondo, katika wilaya hiyo hiyo, vilifungua shauri la ardhi katika Mahakama ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha. Hukumu ya kwanza ilitolewa Septemba 30, 2022, na rufaa ikafuata. Tangu Juni 2022 kaya nyingi za ndani ya hifadhi zimehamia Msomera, wilayani Handeni, na habari za uhamaji huo zimejadiliwa hata katika Bunge la Ulaya, ambalo lilipitisha azimio juu yake Desemba 2023. Mtu anaweza kuwa na msimamo wowote kuhusu mambo hayo. Lakini hakuna awezaye kukana kwamba Ngorongoro huzungumzwa katika vyumba vingi vya mbali, na kwamba ndani ya vyumba hivyo watoto wa Endulen, wa Nainokanoka na wa Karatu ni wachache mno. Kijana wa huko anayetamani kuketi katika meza hizo hatamani anasa. Anatamani kushiriki katika mazungumzo yanayogusa malisho ya ng'ombe wa baba yake.

Sasa, njia ni zipi? Ziko nne, na yafaa kila mwalimu wa kidato cha sita azijue kwa moyo.

Njia ya kwanza ni kwenda moja kwa moja kusomea shahada. Tume ya Vyuo Vikuu, yaani TCU, huhesabu A kuwa pointi 5, B kuwa 4, C kuwa 3, D kuwa 2 na E kuwa 1. Kiwango cha chini cha jumla kwa fani za aina hii ni masomo mawili ya tahasusi yenye jumla ya pointi 4. Kijana wa mfano wetu ana C na E, yaani pointi 3 na 1. Kwa hiyo amesimama juu ya kizingiti chenyewe. Jambo hilo lina maana mbili, na zote mbili lazima aambiwe. Kwanza, anaruhusiwa kuomba. Asikubali mtu yeyote amwambie kwamba hawezi. Pili, kiwango cha chini si ahadi ya nafasi. Chuo kinaweza kuweka masharti yake juu ya hapo, na penye waombaji wengi kuliko viti, wenye pointi nyingi hutangulia. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, hufundisha shahada ya uhusiano wa kimataifa, na vipo vyuo vingine. Kosa la vijana wengi ni kuomba chuo kimoja tu, tena chenye msongamano, kwa sababu ya sifa ya jina lake. Mwenye pointi 4 anapaswa kujaza nafasi zake zote za maombi, na angalau moja iwe mahali ambapo alama zake zinatosha bila wasiwasi.

Njia ya pili ndiyo inayodharauliwa kuliko zote, nayo ni kuanzia stashahada. Huko Kurasini, Dar es Salaam, kipo Kituo cha Uhusiano wa Kimataifa, ambacho siku hizi kina jina la Dkt. Salim Ahmed Salim na ambacho wengi hukiita Chuo cha Diplomasia. Kilianzishwa mwaka 1978 kwa makubaliano ya Tanzania na Msumbiji, nchi mbili zilizotambua mapema kwamba taifa changa haliwezi kuazima wanadiplomasia. Chuo hicho hufundisha kwa ngazi, yaani cheti, stashahada, shahada, na mafunzo ya juu kwa wenye shahada za fani nyingine. Kwa utaratibu wa vyuo vya kati, aliyemaliza kidato cha nne akiwa na ufaulu wa D katika masomo manne anaweza kuanzia cheti. Aliyemaliza kidato cha sita akiwa na somo moja la tahasusi alilofaulu na jingine la kiwango cha chini anaweza kuanzia stashahada. Akimaliza stashahada kwa wastani wa 3.0 au zaidi, mlango wa shahada humfungukia upya, na safari hii haulizwi tena juu ya ile E ya Historia.

Ni kweli kwamba njia hiyo ni ndefu. Atakayeanzia stashahada na kuendelea hadi shahada atatumia yapata miaka mitano, badala ya mitatu. Lakini katika kila ngazi anashika cheti mkononi, na mambo yakiharibika nyumbani anaweza kusimama, akafanya kazi, akarudi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Si fedheha kwa kijana kuinama miaka miwili kama anajua anachokitafuta.

Njia ya tatu ni ya yule ambaye pointi zake hazikufika 4. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kina kozi ya msingi ya kuwaandaa waombaji wa namna hiyo, na atakayeifaulu kwa kiwango kinachotakiwa hupata sifa ya kuomba shahada. Kwa kuwa chuo hicho kina kituo Arusha na husomesha kwa masafa, mwalimu wa shule ya msingi wa Oldeani au karani wa kata anayetaka kubadili fani anaweza kuanza bila kuacha kazi.

Njia ya nne ni ya kuzunguka. Kijana asome fani iliyo jirani ambayo alama zake zinaimudu, iwe sheria, lugha, utalii, kilimo au uhifadhi wa wanyamapori. Kisha, akiwa na shahada hiyo na miaka michache ya kazi, aende Kurasini kwa mafunzo ya juu. Njia hiyo si ya walioshindwa. Benjamin Mkapa alisoma Kiingereza Makerere, akawa mhariri wa magazeti, na mwaka 1977 akawa Waziri wa Mambo ya Nje. Asha-Rose Migiro alikuwa mwanasheria na mhadhiri wa sheria kabla ya kuongoza wizara hiyo hiyo mwaka 2006 na kuwa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kuanzia 2007 hadi 2012. Salim Ahmed Salim mwenyewe alipelekwa Misri kuwa balozi mwaka 1964 akiwa na umri wa miaka 22, na shahada yake ya uzamili kutoka Chuo Kikuu cha Columbia aliipata mwaka 1975, baada ya zaidi ya miaka kumi ya kazi. Mifano hiyo isigeuzwe kuwa faraja ya bure, kwa maana hao walikuwa watu wenye vipaji adimu, na nyakati zao zilikuwa na uhaba mkubwa wa wasomi. Lakini inaonyesha kwamba meza ya mataifa haijapata kuuliza jina la shahada peke yake. Huuliza mtu anajua nini.

Baada ya kuijua njia, kijana achague chuo. Hapa yapo maswali manne ambayo hayana budi kujibiwa kabla ya shilingi ya kwanza kutoka mfukoni.

La kwanza ni iwapo chuo kimesajiliwa, na iwapo kozi yenyewe imeidhinishwa. Hayo ni mambo mawili tofauti, kwani chuo halali kinaweza kutangaza kozi ambayo bado haijapata kibali. Vyuo vikuu huulizwa kwa TCU. Vyuo vya kati huulizwa kwa NACTVET. Chuo cha ng'ambo nacho lazima kiulizwe TCU kabla ya kuondoka, maana shahada isiyotambuliwa nchini itakuwa karatasi ya kutundika ukutani tu. Wakala anayekataza mtu asiulize, au anayesema hakuna muda wa kuuliza, amekwisha jieleza mwenyewe.

La pili ni gharama. Ada ya mwaka wa kwanza si gharama ya masomo. Familia ihesabu malazi, chakula, nauli na vitabu kwa miaka yote. Mikopo ya Serikali kwa miaka mingi ilikuwa ya wanafunzi wa shahada. Mikopo ya stashahada ilipoanza mwaka wa masomo 2023/24 ilielekezwa katika fani za kipaumbele kama afya, ualimu wa sayansi na ufundi. Kwa hiyo anayekwenda kusomea stashahada ya diplomasia asihesabu mkopo kabla ya kusoma mwongozo wa mwaka wake. Baba anayeuza ng'ombe wote kwa ajili ya muhula wa kwanza amemnunulia mwanawe tiketi ya nusu ya safari.

La tatu ni lugha. Je, chuo kinafundisha Kifaransa, Kiarabu, Kireno au Kichina kwa makini, au lugha imewekwa kama pambo? Kijana wa Karatu amekwisha zoea kuishi kwa lugha zaidi ya moja. Yuko anayezungumza Kiiraqw nyumbani, Kimaasai mnadani, Kiswahili shuleni na Kiingereza mbele ya mgeni katika lango la Loduare. Huo ni mtaji ambao mtihani haukuupima. Na ile C yake ya Kiswahili isidharauliwe hata kidogo. Mwezi Februari 2022 Umoja wa Afrika uliikubali lugha hiyo kuwa miongoni mwa lugha zake za kazi, na mikutano itahitaji wakalimani na wafasiri walioisomea hasa.

La nne ni mafunzo ya vitendo. Chuo kizuri kwa mwanafunzi wa alama za wastani ni kile kinachompeleka kazini mapema, ili atathminiwe kwa juhudi yake. Kwa bahati njema kijana wa Karatu ana jambo ambalo wenzake wa mikoa mingi hawana. Mwendo wa kilometa zipatazo 140 kwa barabara ya lami humfikisha Arusha, yaliko makao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki pamoja na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Aulize chuo chake kinawapeleka wanafunzi wapi wakati wa likizo, na kama hakimpeleki popote, aandike barua mwenyewe.

Wapo watakaopinga kwa kusema kwamba balozi za Tanzania zinahesabika, Wizara huajiri wachache, na kwa hiyo kumtia moyo kijana wa daraja la tatu ni kumdanganya. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, na mwalimu asiifiche. Cheti cha fani hii si ajira. Lakini kazi za kimataifa haziishii Wizarani. Ziko forodhani Namanga, ambako vitunguu vya Mang'ola hupita kwenda Kenya na ambako karatasi moja iliyokosewa huweza kuozesha mzigo mzima. Ziko katika vyama vya ushirika vinavyotafuta masoko, katika hifadhi, katika halmashauri zinazopokea wafadhili na wawekezaji bila mtu wa kusoma mikataba yao kwa makini. Kijana anayesoma akilenga ubalozi pekee huenda akavunjika moyo. Anayesoma ili awe na manufaa mahali hapo hatakosa la kufanya.

Wazee watakumbuka kwamba taifa hili liliwahi kujiuliza swali hili hili. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka vijana wapite kazini kabla ya kuingia chuo kikuu, na mapendekezo ya mahali pa kazi yakazingatiwa pamoja na alama. Utaratibu ule ulikuwa na matatizo yake na haukudumu. Hata hivyo swali lake halijazeeka, yaani kama karatasi ya mtihani ya siku chache inatosha kueleza yote aliyo nayo mtu.

Ndugu walimu na watumishi, lawama za uchaguzi mbaya mara nyingi hutupwa kwa kijana na wazazi wake. Lakini mzazi wa Endabash ambaye hakupata kusoma sekondari atajuaje tofauti ya chuo kilichosajiliwa na kozi iliyoidhinishwa? Atajuaje kwamba C na E ni pointi 4? Anayejua ni mwalimu. Anayejua ni afisa aliye ofisini na simu yenye mtandao. Basi yafaa mwongozo wa udahili wa kila mwaka uwepo katika kila shule yenye kidato cha tano na sita, na usomwe darasani kabla wanafunzi hawajatawanyika mwezi Mei, wala usingojewe mpaka Julai wakati hofu na mawakala wamekwisha fika nyumbani. Yafaa pia mkutano wa wazazi mmoja kwa mwaka uwe wa jambo hili tu, na uzungumzwe kwa lugha wanayoielewa bibi na babu, maana aghalabu wao ndio wenye ng'ombe.

Kazi hiyo haina posho, na haitaandikwa katika taarifa ya robo mwaka. Lakini siku moja mbaazi za Karatu zitajadiliwa tena katika mji wa mbali, au jina la Ngorongoro litatajwa tena katika azimio la watu wasiopata kuuona ukungu wake. Siku hiyo itakuwa vyema kama katika meza ile ameketi mtu mmoja aliyeanzia daraja la tatu, akapitia Kurasini kwa stashahada, na ambaye anaijua bei ya gunia kwa sababu alilibeba mwenyewe. Atakuwa amefika hapo kwa juhudi zake, na kwa sababu mwalimu mmoja alipoulizwa, alikaa na kijana huyo nusu saa, akafungua mwongozo, akamhesabia pointi zake kwa haki.